Kaisari Julian: uanze kumsoma kwa nani?

Julian alishika Dola ya Kirumi peke yake kwa miezi 20 hivi, tangu Novemba 361 mpaka Juni 363. Baba yake mkubwa, Constantine, ndiye aliyeufungulia Ukristo milango ya ikulu, na mwanawe Constantius akaendelea pale pale. Julian naye alilelewa chini ya maaskofu, akawahi hata kuwa msomaji wa Maandiko kanisani. Lakini alipopata kiti alitangaza waziwazi kwamba yeye ni mtu wa miungu ya kale, akaamuru mahekalu yafunguliwe na wanyama wachinjwe tena madhabahuni. Wakristo wakamwita Mwasi, na jina hilo limemganda hadi leo.

Watu wengi wanaotaka kumjua huanzia kwenye muhtasari wa kisasa, na hapo hukuta ama shujaa wa uhuru wa mawazo ama mpinga Kristo. Hakuna haja. Mtu huyu ana bahati ambayo watawala wachache wa kale waliipata: walioandika juu yake walimwona kwa macho yao. Kazi ni kuchagua uanze na nani, maana ukianza na asiyefaa, wengine wote utawasikia kwa sauti yake.

Wenyewe ni hawa. Ammianus Marcellinus, askari wa mashariki aliyezoea Kigiriki lakini akaandika kwa Kilatini; historia yake ilikuwa na vitabu 31, 13 vya mwanzo vimepotea, na vilivyobaki vinaanzia mwaka 353 hadi 378. Hakuwa Mkristo, na alikuwamo kwenye msafara wa Uajemi ambako Julian alifia. Libanius, mwalimu wa ufasaha wa Antiokia, mshika dini ya kale, aliyempenda Julian kama mtoto aliyemzaa. Gregory wa Nazianzus, Mkristo, aliyesoma Athens wakati mmoja na Julian na baadaye akawa askofu wa Konstantinopoli. Alitoa hotuba mbili kali dhidi yake alipokwisha kufa. Ephrem wa Siria, mshairi wa kanisa aliyeishi Nisibis mpakani mwa Uajemi, aliyemtungia nyimbo nne za laana kwa Kisiria. Na wa tano ni Julian mwenyewe, kwa sababu kalamu yake haikupumzika: barua, hotuba, tenzi za kuwasifu miungu, dhihaka, na kitabu cha kuwapinga Wakristo, ambao kila mara aliwaita Wagalilaya.

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na hawa watano wote waliwamba. Kipimo ninachokitumia kuwapanga ni rahisi: ni wapi kila mmoja anakubali jambo linaloumiza upande wake? Hapo ndipo ninapomwamini zaidi. Nimechukua mambo machache yanayosimuliwa na zaidi ya mmoja, nikawaweka ubavu kwa ubavu.

Sura na mwenendo

Gregory anasema alimwona Julian Athens mwaka 355, wote wakiwa vijana wa masomo, akamjua mara moja. Shingo haitulii, mabega yanarukaruka, macho yanazunguka, miguu haikai mahali pamoja, pua inapumua kiburi, kicheko hakina mpango, maswali hayana mpangilio. Anadai aliwaambia waliokuwapo kwamba Dola ya Roma inajifugia balaa. Ni picha kali na inasomeka vizuri, ila iliandikwa baada ya Julian kutawala na kufa. Kutabiri jambo lililokwisha kutokea hakumshindi mtu.

Ammianus anaandika kwa utulivu: kimo cha kati, nywele laini, ndevu ngumu zilizochongoka mwishoni, macho mazuri yanayong'aa, pua iliyonyooka, mdomo mkubwa kidogo na wa chini umelegea, shingo nene iliyoinama, mabega mapana. Angalia shingo. Rafiki na adui wote wameitaja, kwa hiyo naamini kulikuwa na kitu pale kwenye shingo. Kiburi na wazimu ni nyongeza ya Gregory.

Anayejichora vibaya kuliko wote ni Julian mwenyewe. Katika dhihaka yake ya mwaka 363, iitwayo Misopogon, yaani Mchukia ndevu, anaeleza kwamba chawa wanatembea ndevuni mwake kama wanyama kichakani, kwamba hawezi kula wala kunywa kwa kupanua kinywa asije akameza nywele pamoja na mkate, na kwamba vidole vyake ni vyeusi kwa wino. Humo humo anasimulia majira ya baridi aliyokaa Lutetia, mji mdogo kisiwani ambao leo ni Paris. Mto ulikuwa unashusha mapande ya barafu kama vibao vya marumaru. Yeye akakataa chumba chake kisiwashwe moto kama desturi ya wenyeji, maana alitaka kujizoesha. Baridi ilipozidi akaruhusu waingize makaa machache. Mvuke ukatoka ukutani, akalewa moshi, akabebwa nje akiwa karibu kufa, na waganga wakamtapisha. Kaisari anayewasimulia raia wake habari hiyo ni mtu wa namna yake. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema maandishi ya mtawala hayafai kuanzia kwa kuwa ni propaganda tu.

Kinyozi

Hapa ni haraka. Julian alipoingia Konstantinopoli Desemba 361 aliikuta ikulu imejaa watumishi. Libanius anasema walikuwako wapishi elfu, vinyozi wasiopungua hao, wahudumu wa vinywaji zaidi ya hao, na matowashi wengi kuliko nzi. Ammianus ana kinyozi mmoja tu. Julian aliita mtu wa kumnyoa nywele, akaingia bwana aliyevaa mavazi ya fahari; kaisari akasema aliagiza kinyozi, si ofisa wa hazina. Alipomuuliza analipwa nini, akaambiwa posho ya watu ishirini kila siku, chakula cha wanyama kiasi hicho hicho, mshahara mnene wa mwaka na marupurupu mengine.

Mwalimu wa ufasaha anakupa elfu, askari anakupa mmoja mwenye hesabu yake. Tena Ammianus, baada ya kusimulia uozo wa ikulu, anamlaumu Julian kwa kuwafukuza wote kwa pamoja bila kuchuja wema. Libanius hana lawama hata chembe. Tofauti hiyo itajirudia.

Sheria ya walimu

Hili ndilo jambo la kukaa nalo, kwa sababu ndipo Julian alipogusa mshipa. Mwezi Juni 362 alitoa sheria kwamba walimu wapimwe kwanza tabia, kisha uwezo wa kunena, na kila uteuzi wa halmashauri ya mji upate kibali cha kaisari. Ukiisoma peke yake hutaona neno Mkristo. Makali yake yamo kwenye barua ya Julian ya kuieleza. Hoja yake ni hii: waandishi wakubwa wa kale wa Kigiriki, Homer, Hesiod, Herodotus, Thucydides na Demosthenes, waliamini miungu ndiyo iliyowaongoza. Mwalimu anayekula mshahara kwa kuwafasiri hao huku akiidharau miungu yao ni mnafiki. Basi achague: aache kufundisha asichokiamini, au aende makanisani kwa Wagalilaya akawafasirie Mathayo na Luka. Watoto wa Wakristo hawakukatazwa kuhudhuria. Wapotovu, anasema, wafundishwe, wasiadhibiwe.

Kwa macho ya leo barua hiyo inaweza kusikika kama ya mtu wa haki. Tatizo ni kwamba elimu ya juu yote ya dola ilikuwa hiyo. Aliyetaka kuwa wakili, ofisa, hata askofu wa kueleweka, alipitia kwa Homer na Demosthenes. Ukimtoa Mkristo kwenye kiti cha mwalimu, mtoto wake ana njia mbili: asome kwa mwalimu wa miungu, au akae bila elimu. Prohaeresius wa Athens, mwalimu wa Gregory, aliacha kazi. Huko Roma, Marius Victorinus, mwalimu mzee mwenye sifa kubwa aliyekuwa ameingia Ukristo uzeeni, naye akaacha.

Sasa wasikilize mashahidi. Gregory anaungua. Hotuba yake ya kwanza dhidi ya Julian ina mengi ya kupita haraka, lakini anapofika hapa hoja inakuwa ya mtu aliyeporwa mali. Nani alisema Kigiriki ni cha miungu? Herufi zenyewe zilitoka kwa Wafoinike, au Wamisri. Rangi ya zambarau anayoivaa kaisari ilivumbuliwa na watu wa Tiro. Kila kitu kikirudishwa kwa aliyekibuni, Julian atabaki na nini? Nani anaruhusiwa kudai kwamba maneno ni yake peke yake? Gregory alikuwa ametumia ujana wake wote kwenye elimu hiyo, na hakukubali kuambiwa kwamba aliiba. Ukitaka kujua kwa nini Wakristo wenye elimu walimwogopa Julian kuliko watesaji waliomwaga damu, soma kurasa hizo.

Na Ammianus? Huyu si Mkristo, anampenda Julian, amemsifia kurasa kwa kurasa, hata anakiri mapema kwamba simulizi lake litakaribia kuwa la sifa. Lakini juu ya kuwazuia walimu Wakristo anasema lilikuwa jambo la ukatili linalostahili kufukiwa katika kimya cha milele. Na hakulisahau: analirudia tena anapohesabu makosa ya Julian baada ya kifo chake. Libanius, ambaye alikuwa mwalimu na angeweza kusema lolote juu ya wenzake wa kazi waliopokonywa riziki, sifa zake zinapita juu juu. Hapa ndipo Ammianus aliponishika mkono.

Mzee Mark wa Arethusa

Jambo la pili la kukaa nalo ni la askofu Mark wa Arethusa, Siria. Wakati wa Constantius alikuwa amebomoa hekalu la mji. Julian alipoingia, amri ikawa kwamba waliobomoa walipe au wajenge. Mark akakataa vyote viwili.

Gregory anasimulia yaliyofuata kwa kirefu. Mzee anaburutwa mitaani, anavutwa nywele, wavulana wa shule wanamrushiana huku wakimchoma kwa kalamu zao za chuma, kisha anapakwa asali na mchuzi wa samaki na kutundikwa juani kwenye wavu, nyigu na nyuki wamtafune. Watesaji wanashusha bei: lipa nusu, lipa kidogo, lipa chochote. Mark hatoi hata sarafu moja. Na Gregory anaongeza neno linalouma: mzee huyo alikuwa miongoni mwa waliomwokoa Julian alipokuwa mtoto, mwaka 337, wakati jamaa yake ilipouawa ikulu baada ya kifo cha Constantine.

Ungekuwa na haki ya kuuliza kama hiyo si hotuba tu. Lakini fungua barua za Libanius, zaidi ya 1,500 zimebaki, na utamkuta Mark yule yule. Libanius anamwandikia gavana kumtetea Orion, Mkristo aliyetuhumiwa kuchukua mali ya hekalu. Usimtese, anasema, usije ukatutengenezea Mark mwingine: yule alitundikwa, akapigwa, akang'olewa ndevu, akavumilia yote, na sasa anaheshimiwa kama mungu na watu wanagombaniana popote anapotokea. Kisha anaongeza kwamba kaisari analijua hilo. Kaisari anasikitikia hekalu, lakini hakumuua mtu yule.

Mpagani na Mkristo wameandika bila kupatana, na mambo makuu yanakubaliana. Mateso yalitokea. Wenyeji ndio walioyafanya. Amri ya kulipa ilitoka juu. Na utawala wenyewe haukutaka mashujaa wa kanisa. Gregory analikiri hili la mwisho kwa njia yake anaposema Julian aliwaonea wivu Wakristo heshima ya kufa mashahidi, yaani hakutaka kuwapa nafasi ya kufa vizuri. Ni lawama, lakini ndani yake kuna ushahidi: hapakuwa na amri ya jumla ya kuua.

Vivyo hivyo kwa George, askofu wa Aleksandria, aliyeuawa na kundi la watu Desemba 361. Julian aliwaandikia watu wa mji huo karipio kali la maneno, bila adhabu yoyote. Kisha akamwandikia gavana wa Misri barua nyingine: wapo wanaopenda farasi, wapo wanaopenda ndege, mimi tangu utotoni napenda vitabu, nitafutie maktaba ya George yote. Alikuwa amewahi kuazima vitabu vile huko Kapadokia na anavikumbuka. Anasema vya mafundisho ya Wagalilaya angependa viteketezwe, ila viletwe vyote, visije vingine vikapotea pamoja navyo. Barua hizo mbili zinakupa mtu mzima: mkono mwepesi kwa waliomuua askofu, mkono mzito kwa atakayepoteza kitabu. Hakuna mpinzani wake aliyemchora wazi hivyo.

Bata mmoja wa Apollo

Antiokia ulikuwa mji mkubwa wa Kikristo na wa starehe. Julian alifika humo katikati ya 362 kuandaa vita vya Uajemi, akakaa hadi Machi 363, na hawakuelewana siku hata moja. Njaa ya mwaka ule aliijibu kwa kupanga bei na kuleta ngano; matajiri wakainunua na kuificha. Watu wakamtungia nyimbo za mzaha juu ya ndevu zake.

Kuna tukio moja analisimulia yeye peke yake, na kwangu ndilo lenye thamani kuliko tenzi zake zote. Ilikuwa sikukuu ya mungu Apollo huko Daphne, kitongoji cha Antiokia. Anasema alikwenda mbio akijiwazia kama mtu aotaye: maandamano, vijana wenye kanzu nyeupe, wanyama wa sadaka, uvumba. Alipoingia hakuona uvumba, hakuona hata keki ya sadaka, wala mnyama. Akafikiri labda wamekaa nje wanamngoja yeye kama kuhani mkuu atoe ishara. Akamuuliza kuhani wa pale mji umeandaa nini. Kuhani akajibu: mimi nimeleta bata bukini kutoka nyumbani kwangu, mji haujaandaa kitu.

Mradi wake wote umo kwenye bata huyo. Dini ya kale ya miji haikuwa imezimwa kwa sheria za Wakristo peke yake. Watu wenyewe walikuwa wameacha kuilipia. Miezi michache baadaye hekalu hilo liliungua, Julian akawashuku Wakristo, akafunga kanisa kubwa la mji.

Ammianus naye anaonyesha upande wa pili wa sadaka, zile zilizokuwako kwa gharama ya kaisari. Ng'ombe walichinjwa kwa wingi kupita kiasi. Askari wakajazwa nyama na pombe mpaka wakawa wanabebwa mitaani kurudishwa kambini. Watu wakasema, akirudi salama kutoka Uajemi ng'ombe watakwisha. Hukumu ya Ammianus ni kwamba Julian alikuwa mshirikina kuliko kuwa mshika ibada wa halali. Huyo ni mpenzi wake, na wa dini yake. Gregory na Ephrem wanacheka sadaka hizo hizo, lakini kicheko chao tulikitarajia.

Kuhusu maskini, ipo barua maarufu kwa Arsacius, kuhani mkuu wa Galatia. Julian anaagiza nyumba za wageni katika kila mji, anatenga kwa mwaka vipimo 30,000 vya ngano na 60,000 vya divai, kisha anasema ni aibu kwamba Wayahudi hawana ombaomba, na Wagalilaya wasiomcha Mungu wanalisha maskini wao na wetu pia. Tahadhari: barua hiyo imetufikia kupitia Sozomen, mwanahistoria wa kanisa wa karne ya 5, na wapo wataalamu wanaodai ilitungwa baadaye. Mimi siitegemei peke yake. Lakini Gregory, aliyeishi wakati ule, anasema vile vile kwamba Julian alipanga shule, nyumba za wageni na misaada kwa kuiga Wakristo. Anasema kwa kebehi, ila anasema.

Mkuki

Tarehe 26 Juni 363, jeshi likiwa linarudi kando ya mto Tigris baada ya kushindwa kuuteka Ctesiphon, mji mkuu wa Uajemi, Julian alisikia nyuma wameshambuliwa. Akakimbilia huko bila kuvaa deraya. Ammianus: mkuki wa mpanda farasi, haijulikani umetoka wapi, ukakwaruza mkono, ukapenya mbavuni, ukakaa kwenye ini. Akajaribu kuung'oa kwa mkono wa kulia, makali yakamkata vidole. Usiku wa manane akanywa maji baridi, akafa, akiwa na miaka 31 au 32. Katikati Ammianus ameweka hotuba ndefu ya kuagana na mazungumzo juu ya roho pamoja na wanafalsafa Maximus na Priscus. Hotuba hiyo isome kwa tabasamu. Mtu mwenye chuma kwenye ini hapangi sentensi za namna ile.

Libanius mwanzoni anasema muuaji alitoka ndani, kwa sababu hakuna Mwajemi aliyejitokeza kudai zawadi. Miaka kadhaa baadaye, akimwandikia kaisari mpya Theodosius, anawataja Wakristo bila kificho. Ni mtu mwenye uchungu: anasema mwenyewe kwamba aliposikia habari aliutazama upanga, akakumbuka kwamba mwanafalsafa Plato amekataza mtu kujiua na kwamba marehemu anahitaji mtu wa kumsifu. Gregory anakusanya uvumi kadhaa bila kuchagua, kisha anaongeza kwamba Julian alitaka kujitosa mtoni ili apotee na kudhaniwa amekuwa mungu, towashi akamzuia. Hapo anavuta ngozi mpaka inataka kupasuka.

Ephrem hakai sana kwenye habari za mkuki. Ana kitu kingine. Jovian, aliyerithi kiti, aliukabidhi mji wa Nisibis kwa Waajemi kama bei ya amani. Maiti ya Julian ikapita nje ya kuta ikiwa njiani kupelekwa Tarso kuzikwa, siku zile zile bendera ya Uajemi ilipokuwa juu ya mnara. Ephrem anasema alikwenda akasimama kando ya jeneza, akashangaa kwamba huyu ndiye aliyejipima na Mungu. Mshairi huyo anapoteza mji wake, yupo karibu kuwa mkimbizi, na bado anashangilia. Hakuna mwandishi mwingine aliyekupa wakati huo kutoka upande wa wananchi wa mpakani.

Ile kauli ya "Umeshinda, Mgalilaya", inayodaiwa kuwa neno la mwisho la Julian, iache. Imeandikwa na Theodoret, mwanahistoria wa kanisa, katika karne ya 5, vizazi viwili au vitatu baadaye. Gregory angekuwa ameisikia, asingeiacha.

Basi uchague nani

Kwa msomaji wa kawaida nasema Ammianus, na si kuanzia mwanzo. Fungua kitabu cha 22. Humo mna Konstantinopoli, kinyozi, sheria ya walimu, maaskofu wagombanao walioitwa ikulu, Antiokia. Ndiye mwenye kasoro chache zaidi kwa kipimo changu: anamlaumu anayempenda, na mara nyingi anakuambia kitu alikiona au alikisikia. Udhaifu wake ni kwamba mambo ya ndani ya kanisa hayamhusu sana. Ugomvi wa Waario, Wakristo waliokataa kwamba Mwana ni sawa na Baba, na wenzao anaupita kwa sentensi moja, kwamba hakuna wanyama wakali kwa binadamu kama Wakristo wao kwa wao.

Ukiwa na jioni moja tu, achana na Ammianus, soma Misopogon. Ni fupi na inachekesha, na utatoka ukimjua mtu. Ila usimalizie hapo, kwa sababu mtu mwenye kipaji cha kujicheka hukufanya usahau walimu waliokosa kazi.

Mseminari, mwalimu wa dini, au yeyote anayesoma historia ya kanisa atashawishika kuanza na Gregory. Mimi nashauri awe wa pili. Ukimtanguliza, kila barua ya Julian utaisoma ukitafuta pua inayopumua kiburi. Ukimsoma baada ya Ammianus, utajua wapi anapiga kelele na wapi analia kweli, na sehemu ya sheria ya walimu itakugusa mara mbili. Nyimbo nne za Ephrem zinamalizika kwa kikao kimoja na zinafaa kwa anayependa ushairi kuliko hoja. Libanius awe wa mwisho, isipokuwa unataka barua ya Orion. Hotuba yake ya mazishi ni ndefu na sifa zake hazina ladha.

Tafsiri za zamani za Kiingereza za Ammianus na za Julian zinapatikana bure mtandaoni, na kwa wasomaji wa Kongo na Burundi ziko za Kifaransa. Anayetaka vita aende kitabu cha 23 hadi 25 cha Ammianus, ila ndani ya cha 23 aruke maelezo ya mitambo ya kubomolea ngome na orodha ya majimbo ya Uajemi. Jeshi atalikuta mbele, linaendelea kuteremka mto Frati.